Dole Nyuma ya Kioo

Inspekta hakukaa. Kiti kilikuwapo, tena kizuri, lakini alikizunguka mara mbili, akakisukuma ukutani kwa goti, akaegemea mlango wa chumba cha mahojiano. Mbele yake alikuwa mwanamume mtu mzima ndani ya ovaroli ya kiwanda cha sabuni, ndevu hazijanyolewa, mikono juu ya magoti. Kiwandani walimwita Jicho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha juu chenye dirisha la kioo na kuangalia nambari ya joto la tangi kwenye skrini ya kompyuta. Joto likifika themanini, nambari inageuka nyekundu, anafunga mvuke. Basi, hiyo ndiyo kazi. Na juzi, akiwa kwenye zamu, tangi lilipitiliza, sabuni ikachemka ikafurika, ikammwagikia mtu aliyekuwa chini.

Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja.

"Tuanze tena," Inspekta alisema.

"Afande, si nimeshasema?"

"Sema tena. Mwendesha mashtaka anakuja mchana huu. Nikimpa faili lilivyo, unashtakiwa kwa kujaribu kuua. Sasa chagua mwenyewe, uchoke kusema au uchoke kukaa ndani."

Jicho aliangalia sakafu. "Shemeji alikuwa chini, pembeni ya tangi. Akapiga kelele. Kule na zile mashine husikii kitu. Akanyooshea tangi kidole, akapunga mikono. Nikaangalia skrini. Sitini na nne. Nikampa dole, kwamba kuko shwari."

"Halafu?"

"Halafu povu likapanda."

Hilo dole ndilo lililomfunga. Majeruhi, amezungushiwa bendeji mpaka mabegani, aliwaambia polisi kwa sauti ya kukwaruza kwamba alitaka kukimbia, ila alimwona shemeji yake akimtazama usoni kupitia kile kioo na kumwonyesha dole, ndipo akabaki. Meneja naye alileta kumbukumbu za kompyuta. Wakati lile dole linainuliwa, joto lilikuwa tisini na saba. Sasa mtu anayeona tisini na saba akamwambia mwenzake baki hapohapo, huyo utamwitaje?

"Na kantini?" Inspekta aliuliza. "Siku moja kabla, watu wanakunywa chai, ukamwambia, wewe nitakuja kukuchemsha. Si maneno yako?"

"Ni yangu. Hasira, Afande." Jicho aliinua uso. "Alinichongea kwa meneja. Sisi tunacheza karata kwenye ile kompyuta, kila mtu anajua. Kukodolea nambari kutwa nzima si mchezo, utasinzia. Tunacheza huku tunaangalia, mwaka wa ngapi huu, na hakijaharibika kitu. Yeye akaenda kusema. Shemeji mtu! Jioni ileile meneja akaja, akachomoa mausi, akaifungia kwenye droo ofisini kwake. Akasema kuanzia leo mtafanya kazi kwa macho, mikono ipumzike."

"Skrini iliganda?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Pale pembeni kuna saa, na sekunde zake. Ilikuwa inatembea vizuri tu. Ingeganda ningejua, si ningeona saa imesimama?"

Jibu hilo lilimkera Inspekta kuliko yote. Mwongo angesema iliganda. Mwongo yeyote mwenye akili zake timamu angeokota uongo huo pale pale alipowekewa, tena angeushika kwa mikono miwili. Huyu ameuona, ameupita.

"Na hiyo sitini na nne uliiona kweli, au ndivyo unavyokumbuka?"

Jicho alijisugua uso kwa viganja. "Sijui tena. Nimekaa humu nawaza mpaka najiona nililala macho wazi. Labda ilikuwa tisini nikaona sitini. Labda roho yangu ndiyo ilitaka, maana nilikuwa nimemkasirikia kweli. Andika unavyotaka, Afande. Mimi nimechoka."

"Siandiki uchovu wa mtu," Inspekta alisema, kwa ukali kuliko alivyokusudia, akatoka.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa yule dada, mke wa majeruhi, kikapu mapajani, bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa anapita hapo kila alipokuwa akienda hospitali na kila alipokuwa akirudi, lakini selo hakuikaribia.

"Hiki cha hospitali," alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Yeye simpi."

"Sijakuuliza, dada yangu."

"Mume wangu hawezi hata kushika kijiko. Namlisha kama mtoto mchanga. Na aliyemfanya hivyo tumenyonya ziwa moja."

"Sasa mbona umekaa hapa?"

Mwanamke alifungua fundo la kitambaa, akalifunga tena. "Nataka kujua kama alitaka. Hilo tu. Kama alitaka, mimi sina kaka, nitainuka niende zangu na hamtaniona tena. Lakini mtu aniambie! Hii ya kukaa katikati itaniua."

Simu ilimwokoa Inspekta. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Wewe bado unazunguka? Majeruhi unaye, kitisho unacho, dole unalo. Unataka nini tena, picha ya harusi?"

"Nataka kukiona kile chumba kikifanya kazi, mkuu."

"Faili liwe mezani mwendesha mashtaka akifika. Sitaki visingizio."

Kiwandani sakafu iliteleza hata baada ya kuoshwa. Tangi lilikuwa refu kupita watu wawili, na ubavuni pake sabuni ilikuwa imegandia michirizi ya kahawia kutoka mdomoni hadi chini. Inspekta alipita pembeni bila kuigusa, akapanda ngazi ya chuma. Meneja alikuwa anamsubiri juu, mfupi, tai imebana shingo, na pembeni yake fundi wa programu, yule aliyeiandika programu ya joto. Fundi alikuwa mtu wa kusema harakaharaka, na alikuwa amekuja ameshanuna.

"Mashine haina shemeji, Afande," meneja alisema. "Haina wa kumchukia. Imeandika tisini na saba, basi ni tisini na saba."

"Ndiyo maana nimekuja kuiona. Tangi mmelijaza maji?"

"Maji matupu, kama ulivyoagiza. Na uzalishaji umesimama, kama unavyoona."

Fundi alivuta kiti, akatoa mausi kwenye begi lake, akaichomeka. "Hii yangu," alisema. "Kompyuta bila mausi ni kiwete, sijui nani alifanya ujinga huu." Meneja alikohoa. Mvuke ukafunguliwa. Kwenye skrini nambari ya kijani ilisema thelathini, ikapanda taratibu, arobaini, hamsini, na fundi akawa anaizungushia kile kishale cha mausi kama mwalimu na fimbo yake. "Umeiona? Imepanda. Umeiona tena? Imepanda." Ilipofika themanini ikageuka nyekundu, kubwa, huwezi kuikosa hata ukiwa mlangoni. Meneja akabonyeza kitufe cha ukutani, mvuke ukafungwa.

"Programu yangu haina kosa," fundi alisema. "Nimeijaribu ofisini kwangu mara chungu nzima kabla ya kuileta hapa."

Inspekta aliitazama ile nyekundu. Basi ndiyo hivyo. Jicho amedanganya, au amelala, na dada wa watu atainuka pale kwenye benchi aende zake.

"Tumemaliza?" meneja aliuliza.

"Rudieni."

"Tena?"

"Toeni maji hayo, jazeni baridi, mrudie. Safari hii mimi nasimama chini, pale aliposimama majeruhi."

"Afande, utaona nini chini ambacho hakipo hapa?"

"Sijui. Ningejua nisingeshuka."

Meneja aliguna, lakini maji yalibadilishwa. Inspekta aliazima kipimajoto kirefu cha glasi kwenye maabara ya kiwanda, akashuka, akasimama ubavuni mwa tangi palipo na ngazi fupi ya kuchungulia. Mvuke ulipofunguliwa, mngurumo ulijaa kila mahali. Alijiita jina lake mwenyewe kwa sauti asijisikie. Akatumbukiza kipimajoto. Juu, nyuma ya kioo, aliwaona wale wawili wazi kabisa. Fundi alikuwa ameinamia meza, kishale chake kazini. Kisha meneja, labda kutaka kupoza mambo baada ya lile neno la ujinga, alimletea kikombe cha chai. Fundi akaegemea kiti, akakishika kikombe kwa mikono yote miwili, wakaanza maongezi.

Kipimajoto kilisema sabini. Kikasema themanini. Inspekta alitega mwili kusubiri mvuke ufungwe. Haukufungwa. Themanini na tano. Viputo vilianza kupanda kutoka chini, vikawa vikubwa. Aliangalia juu. Fundi alikuwa anapuliza chai yake, macho kwenye skrini, ametulia kabisa.

"Fungeni!" Inspekta alipiga kelele. "Fungeni mvuke!"

Kelele ilimfia mdomoni. Akanyooshea tangi kidole. Akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa.

Fundi alimwona. Aligeuka akaitazama skrini, tena kwa makini, akisogeza shingo mbele. Kisha akamgeukia, akatabasamu, akamwonyesha dole.

Yalikuwa maji tu, Inspekta alijua ni maji tu, lakini miguu ilirudi nyuma yenyewe mpaka mgongo ukagonga nguzo. Kisha akakimbia. Ngazini kiatu kiliteleza, akajigonga muundi kwenye chuma, akatukana neno ambalo mama yake asingependa kulisikia, akaingia chumba cha juu akihema.

"Usiguse kitu! Mikono ibaki kwenye hicho kikombe! Meneja, funga mvuke kwa kitufe cha ukutani. Kompyuta usiiguse!"

Meneja alifunga. Mngurumo ulikatika ghafla, na masikio yakabaki yanavuma.

"Nisomee hapo," Inspekta alisema.

"Sitini na mbili," fundi alijibu. "Kijani. Kuna nini?"

Na kweli ilikuwa sitini na mbili, kijani. Pembeni, sekunde za saa zilikuwa zinatembea bila wasiwasi wowote.

"Nisomee na hiki." Akamsogezea kipimajoto puani.

Fundi alikiangalia. "Kibovu hicho."

"Sasa sogeza mausi. Kidogo tu."

Fundi aliweka kikombe chini, akaisukuma mausi kwa ncha ya kidole. Sitini na mbili ikapotea. Mahali pake ikakaa tisini na tatu, nyekundu.

Meneja alilegeza tai. Fundi aliendelea kuitazama ile nyekundu, midomo ikicheza kama mtu anayejisomea kitu kimoyomoyo.

"Nieleze," Inspekta alisema. "Na usinieleze kama unaeleza wenzako."

"Ndani ya programu..." Fundi alimeza mate. "Chukulia kuna wafanyakazi wawili. Sisi tunawaita nyuzi. Uzi wa mbele ndio wenye skrini. Huo peke yake ndio unaoruhusiwa kuchora. Uzi wa nyuma kazi yake ni kwenda tangini kuleta joto. Wa mbele hatuutumi, kwa sababu kule kuna kusubiri, na ukisubiri wenyewe skrini nzima itaganda."

"Haya. Wa nyuma ukishaleta joto?"

"Unatakiwa uukabidhi wa mbele. Uuambie, chora hii." Alisogeza kikombe pembeni. "Mimi niliuacha uandike wenyewe moja kwa moja. Nilipita njia ya mkato. Nilijua haifai, lakini ilikuwa inafanya kazi!"

"Ilikuwa inafanyaje kazi?"

"Nambari mpya inaingia ndani, mahali pake. Ila wa mbele haujaambiwa kwamba kuna kitu kipya. Unaiacha picha ya zamani vilevile mpaka kitu kiushtue. Mausi ikipita juu yake, au ukigusa kitufe cha kibodi, unachora upya, na ile mpya ndiyo inatokea."

"Na saa?"

"Saa ni ya uzi wa mbele wenyewe. Unachora kale kapembe ka saa tu, kwingine haugusi."

"Na kumbukumbu zilizosema tisini na saba?"

"Zile anaandika yule mfanyakazi wa nyuma. Yeye joto lote alikuwa nalo." Fundi alishika kichwa. "Mungu wangu. Kila nilipoijaribu nilikuwa nimeshika mausi. Kila mara. Nani anajaribu programu mikono mitupu?"

Inspekta alikuwa ameshaanza kuzunguka tena, dirishani, mlangoni, dirishani. Kumbe saa iliyotembea ndiyo iliyomdanganya Jicho, na ikakaribia kumdanganya na yeye. Ile sitini na nne ilikuwa picha ya mwisho kuchorwa, labda Jicho alipogusa kibodi. Kumbukumbu zilisema kweli, skrini ikasema uongo, na zote mbili zimo kwenye kompyuta moja. Kulikuwa kumebaki swali moja, na alimgeukia meneja.

"Programu hii mmeitumia muda gani?"

"Miaka, Afande. Haijawahi kuleta shida."

"Na miaka yote hiyo wanaume hawa wanacheza karata."

"Nilikuwa sijui! Nilipoambiwa, nilichukua hatua siku ileile."

"Ulichukua mausi siku ileile. Tangi la kwanza lililochemshwa baada ya hapo ndilo lililofurika."

Meneja aliitazama ile mausi ya fundi. "Unataka kuniambia karata ndizo zilikuwa..."

"Mkono wa mchezaji hautulii kwenye mausi. Ulikuwa unaiamsha skrini kutwa nzima, wala wenyewe hawajui."

"Mimi nilitaka nidhamu tu," meneja alisema, sauti imepungua. "Nilitaka watu wasizembee. Hii ningeijuaje mimi?"

"Usingeijua. Nenda kalete mausi kutoka kwenye droo, ni kielelezo. Na wewe fundi, programu hii haiwashi tangi tena hapa wala mahali pengine mpaka uirekebishe mbele ya mtu mwingine. Nitachukua maelezo yenu wote wawili."

Mwendesha mashtaka alishafika kituoni Inspekta aliporudi, na alishakunja uso kwa kusubirishwa. Alisikiliza amesimama. Alitaka kuuliza mara mbili, mara mbili Inspekta akamwinulia mkono amalize. Mwishowe alilifungua faili, akakata mstari kwenye shtaka, akasema suala la uzembe ni wa nani litajadiliwa kesho, lakini huyu wa selo aende nyumbani.

Jicho alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya magoti. Inspekta safari hii alivuta kiti, akakaa.

"Hukulala," alimwambia.

"Nini?"

"Hukulala, na hukuota. Uliona sitini na nne kwa sababu skrini ilikuonyesha sitini na nne. Leo fundi mwenyewe aliyeiandika programu amekaa kiti chako, nikampungia mikono, na yeye akanipa dole."

Alimweleza yote, ya nyuzi, ya saa, ya mausi. Jicho alisikiliza mdomo wazi. Kisha uso ukamvunjika, akalia, mtu mzima yule, kwa sauti, bila kujificha, na Inspekta akamwacha alie.

"Nilikuwa nimeshaanza kujiogopa," alisema alipopata pumzi. "Kwamba labda mimi ni mtu wa namna hiyo." Alijifuta kwa mkono wa ovaroli. Halafu Inspekta akamwona anapanga mambo kichwani, moja baada ya jingine, mpaka akafika palepale alipofika yeye mwenyewe njiani akirudi.

"Afande. Mausi ilichukuliwa kwa ajili ya karata."

"Ndiyo."

"Na karata nani alizisema..." Akakatisha. "Shemeji analijua hili?"

"Bado. Lakini limo kwenye faili. Litasomwa mahakamani, siwezi kulitoa."

"Asilisikie huko, Afande. Asisomewe na watu baki, naye ana majeraha yale." Jicho alisimama. "Nitamwambia mimi. Akitaka kutukana anitukane mimi, ameshazoea."

Mapokezini, dada alishaambiwa. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kikapu mkononi, na kaka yake alipotokea hakumkumbatia. Alimpiga kofi la bega, la nguvu, akampiga jingine, kisha akamshika ovaroli kifuani kwa ngumi na kulia akiwa amemng'ang'ania hivyohivyo.

"Unanuka, kaka," alisema. "Unanuka kama selo nzima."

"Mtu wa kiwanda cha sabuni, na humu sabuni hawakunipa."

Dada alicheka huku kamasi zinamtoka, akamsukumia kikapu. "Shika. Leo utamlisha wewe, mikono yangu imechoka. Na usimmwagie, ana maneno mengi siku hizi."

"Nitamlisha," Jicho alisema. "Akishashiba, kuna kitu nitamwambia."

"Kitu gani?"

"Tutembee. Nitaanza na wewe."

Walishuka ngazi za kituo, kikapu kati yao. Kwenye geti dada aligeuka, akamtafuta Inspekta kwa macho kule dirishani nyuma ya kioo, akamwinulia mkono. Inspekta naye aliinua wake. Dole lilishaanza kusimama lenyewe, alipoliona akalikunja haraka, akafungua dirisha na kupunga kwa kiganja kizima.